Hodi inayovunja mlango



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inaleta habari isiyopendeza kuisimulia, kwa kuwa kosa lililomo ni letu wenyewe. Tungeweza kuinyamazia, na pengine hakuna ambaye angejua. Lakini wapo makatibu na wahazini wa misikiti, wa madrasa na wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao leo hii wamekaa pale pale tulipokuwa tumekaa sisi, wakidhani wako salama. Kwa ajili yao tunaandika.

Hapa Shelui, chini ya Mlima Sekenke, kamati ya msikiti wetu ilikuwa na kompyuta moja ofisini. Ndani yake mlikuwa na hesabu za sadaka za Ijumaa, majina ya watoto wa madrasa, kumbukumbu za ndoa, orodha ya yatima na orodha ya wanaopokea zaka. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski ya kompyuta ile ikafa papo hapo. Nusu ya kumbukumbu tuliziokota upya kutoka katika madaftari ya zamani. Nusu nyingine hatukuipata tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulijifunza kwamba hata daftari lenyewe, likikosa nakala, hupotea vivyo hivyo.

Kijana mmoja wa msikiti wetu, wakati huo akisoma chuo mjini Dodoma, akatushauri tukodi seva ndogo, yaani kompyuta iliyoko mbali, katika jengo lisilokatika umeme, ambayo hulipiwa kwa mwezi. Akaiwekea mfumo wa Linux, kisha akaweka programu iitwayo xrdp. Kazi ya xrdp ni kumwezesha mtu aliye mbali kuuona uso wa kompyuta ile na kuiendesha kana kwamba ameketi mbele yake. Katibu akiwa Shelui na mhazini akiwa Singida mjini wote wakawa wanafungua daftari lile lile. Kazi ikawa nyepesi, nasi tukamshukuru Allah na tukamwombea kijana wetu.

Kijana akamaliza chuo, akapata ajira mkoa mwingine. Seva ikabaki ikifanya kazi kimya kimya. Katika mihtasari yetu yote ya vikao hamna mstari hata mmoja unaosema nani ataiangalia baada yake.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 akatuletea ujumbe: "Ustadhi, xrdp wametoa toleo la 0.10.5. Kuna tundu kubwa katika matoleo ya nyuma. Tafadhali sasisheni leo leo." Ujumbe ulitukuta njiani tukienda maziko. Tukamjibu, "In shaa Allah." Neno hilo ni tukufu, lakini siku ile tulilitumia vibaya, kwa maana ya kuahirisha. Zikapita siku 12.

Tundu lenyewe ni la namna gani? Tumejitahidi kulielewa, na tutalieleza kwa lugha ya hapa kwetu.

Sote tunajua mashine za kukamua alizeti. Mafuta hutiririka, na mtu husimama pale akiangalia dumu la lita 20. Likijaa, anaweka lingine. Asipoangalia, mashine haina habari kwamba dumu limejaa. Itaendelea kumimina, na mafuta yatafurika hadi kuharibu kilichowekwa pembeni. Kumbukumbu ya kompyuta nayo ni kama madumu yaliyopangwa kwa safu. Programu hutenga nafasi yenye kipimo maalumu kwa kila jambo: hapa jina la mtu, hapa tarehe, hapa maelekezo ya kazi inayofuata. Programu nyingi za msingi, xrdp ikiwa mojawapo, zimeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha hiyo ina kasi na nguvu kubwa, lakini haisimami kuangalia dumu. Kupima ni juu ya mwandishi wa programu. Akisahau kupima mahali pamoja katika maelfu ya mistari, mafuta yatafurika siku moja.

Katika xrdp kilichosahauliwa ni kipimo cha utambulisho wa mgeni. Mtu anapofika katika mlango wa programu hii hujitambulisha, na miongoni mwa anayoyataja ni kikoa chake, yaani jina la taasisi au mtandao anakotoka. Mfikirie mlinzi aliye langoni na daftari lake. Ametenga mstari mmoja wa kuandika "anatoka wapi". Mgeni wa kawaida husema neno moja, likaingia katika mstari. Anakuja mwingine na kutaja jina refu mno, lililotungwa kwa makusudi, na mlinzi kwa utii wake anaendelea kuandika hadi anapita mwisho wa mstari, akiyafuta yaliyoandikwa chini yake. Na chini yake ndipo alipojiandikia: "Nikimaliza kumwandika mgeni, nirudi wapi na nifanye nini." Maelekezo hayo sasa yameandikwa na mgeni. Mlinzi akimaliza anayasoma, naye huenda akayafuata, akidhani ni ya kwake.

Tunaomba msomaji atue hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipokuwa tumedanganyika. Yote haya yanaweza kutokea kabla mgeni hajathibitisha kuwa yeye ni nani. Nywila yetu ilikuwa ndefu, yenye herufi, tarakimu na alama, nasi tulijivunia hilo. Lakini kufuli, hata liwe imara namna gani, halina msaada ikiwa mwizi anaweza kumwangusha mlinzi kwa salamu tu. Dini yetu imetufundisha, katika Surat An-Nur, adabu ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Hodi ni heshima. Hapa hodi yenyewe imegeuzwa kuwa silaha.

Watengenezaji wenyewe wameeleza kwamba madhara yanaweza kupungua iwapo programu ilitayarishwa ikiwa na kinga fulani, ambayo wataalamu wameipa jina la ndege mdogo wa jamii ya chiriku. Asili ya jina hilo itawagusa wachimbaji wetu wa dhahabu. Zamani katika migodi ya makaa ya mawe huko Uingereza, wachimbaji walishuka na ndege huyo ndani ya tundu lake. Hewa ya sumu ilipoingia, ndege alidhoofika mapema, na watu wakapata nafasi ya kukimbia. Ndani ya programu, alama ndogo huwekwa kati ya nafasi ya jina na maelekezo ya kurudi. Furiko likiigusa alama hiyo, programu hujizima kabla ya kumtii mgeni. Ni kinga njema, lakini kazi yake ni kuonya tu. Tundu lenyewe hubaki wazi.

Wala hii si mara ya kwanza kwa programu hiyo. Mwaka 2020 ilibainika kwamba sehemu yake ya ndani, ile inayopokea majina na nywila, ingeweza kuangushwa kwa ujumbe uliotungwa vibaya. Ikishaanguka, mtu mwenye nafasi ndogo tu katika kompyuta ile angeweza kuweka mlinzi wake wa bandia mahali pale pale, akawa anapokea nywila za kila anayeingia na kuamua nani apite. Toleo la 0.9.13.1 likaliziba tundu hilo. Februari 2022 likapatikana lingine, la hesabu ya kutoa iliyoshuka chini ya sifuri ikaleta furiko, na toleo la 0.9.18.1 likaliziba nalo.

Msomaji asielewe kwamba tunawashutumu watengenezaji wa xrdp. Hiyo ni programu huria: maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha, bila malipo. Tangu mwaka 2004, kazi iliyoanzishwa na Jay Sorg imeendelezwa na watu wachache, na mtu wa Shelui anaitumia bila kutoa hata shilingi moja. Wao walipolijua tundu waliliziba, wakalitangaza, wakaandika toleo gani ni salama. Wametimiza wajibu wao. Siku 12 za kuchelewa ni zetu.

Tena maradhi haya si ya programu moja. Mnamo tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Morris, aliachia katika intaneti programu iliyojisambaza yenyewe na kulemaza maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya njia zake ilikuwa furiko la namna hii hii. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mwaka 2019, Microsoft walisema kwamba takriban asilimia 70 ya matundu ya kiusalama wanayoyaziba kila mwaka yanatokana na makosa ya kumbukumbu. Google nao walitaja kiasi kama hicho kwa Chrome. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya programu zinaandikwa kwa lugha kama Rust, ambayo hupima dumu kwa niaba ya mwandishi. Google wameeleza kwamba katika Android makosa ya aina hii yalikuwa asilimia 76 ya matundu yote mwaka 2019, yakashuka hadi asilimia 24 mwaka 2024, baada ya kazi mpya kuandikwa zaidi kwa lugha hizo. Tiba ipo, ila itachukua miaka mingi. Kwa sasa tunaishi na majengo ya zamani, na majengo ya zamani yanataka mwangalizi.

Turudi kwetu. Siku ya 12 kijana alitupigia simu kuuliza kama tumesasisha. Kimya chetu kilikuwa jibu. Akaingia mwenyewe, akasasisha, kisha akatuonyesha kumbukumbu za seva: hodi za wageni wasiojulikana, usiku na mchana, kutoka pembe mbalimbali za dunia, wote wakigonga mlango nambari 3389, ambao ndio mlango wa kawaida wa programu hizi.

Kikao cha dharura kikaitwa. Mzee wetu mmoja, tunayemheshimu sana, akauliza: "Sisi tuna nini cha kuibiwa? Hao wezi wa ng'ambo wanaijua Shelui?" Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba hawaijui. Hawachagui kwa jina. Wana mashine zinazopita mlango kwa mlango katika intaneti nzima, zikijaribu kila kitasa. Seva ya masikini kwao ina faida zake: wataitumia kuwashambulia wengine, au kutuma ulaghai kwa jina la msikiti, au watayachukua yaliyomo wayauze.

Je, kuna aliyeingia? Hatukuona alama yake. Lakini ilitupasa kusema ukweli kikaoni: anayeingia kwa njia hii anaweza kuzifuta nyayo zake. Kutoona alama hakukutupa haki ya kusema kwamba hakuna aliyeingia.

Hapo ndipo rai zikagawanyika. Baadhi yetu waliona tukiwatangazia waumini tutazua uvumi, watu wataacha kutoa sadaka, na jambo lenyewe halina uhakika. Imamu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja: majina yaliyomo ndani ya kompyuta ile ni mali ya nani? Hakuna aliyejibu. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tukasimama tukaeleza.

Hatukutupiwa maneno makali. Lakini alasiri, mama mmoja alifika mlangoni mwa ofisi, akabisha hodi, akasimama hapo hapo bila kuingia.

"Ustadhi," akasema, "na jina langu limo humo?"

"Limo, mama."

"Na sababu ya kupewa imeandikwa?"

Tukainamisha vichwa. Ilikuwa imeandikwa, tena kwa kirefu: maradhi ya nani, deni la nani, mume aliyeondoka lini. Tuliandika hivyo kwa nia njema, ili kamati ijayo isilazimike kumuuliza tena.

"Basi lifuteni," akasema. "Mkitaka kujua hali yangu, niiteni niseme kwa mdomo wangu. Afadhali nihojiwe kila mwaka."

Akaondoka. Maneno yake yalikuwa mazito kuliko yote yaliyosemwa kikaoni. Sisi tulikuwa tunajadili namna ya kuimarisha mlango. Yeye alituuliza kwa nini siri yake iliwekwa nyuma ya mlango ule tangu mwanzo.

Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya, nasi tunayaweka hapa ili mwenye kuhitaji ayachukue.

Kwanza, tuliiacha seva ile ya zamani na kujenga mpya kuanzia msingi. Nyumba ambayo huenda mwizi amelala ndani yake haitoshi kuibadilishia kufuli. Tulihamisha kumbukumbu peke yake, tukabadilisha nywila zote, tukahifadhi nakala nyingine mbali na seva.

Pili, mlango nambari 3389 tumeufunga kwa dunia nzima. Anayetaka kuufikia sharti apite kwanza katika njia nyingine iliyofungwa kwa ufunguo wa kidijitali, walio nao watu watatu tu. Programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali haikuwa na haja ya kusimama barabarani ikimsikiliza kila mpita njia.

Tatu, tumemteua mwangalizi na msaidizi wake, majina yao yameandikwa katika muhtasari, na kila Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri mmoja wao anakagua masasisho na kutia saini. Wachimbaji wa hapa kwetu hutia ndani ya duara magogo ya kushikilia kuta, wanayoyaita matimba. Hakuna mchimbaji mwenye akili atakayeshuka kwa kujitetea kwamba matimba yaliwekwa vizuri mwaka juzi. Programu nayo ni hivyo hivyo: aliyeiweka vizuri amefanya nusu ya kazi, nusu iliyobaki ni ya yule anayeikagua, na mtu huyo lazima awe na jina.

Nne, na hili tumelipata kwa mama yule, tumefuta tusichokihitaji. Orodha ya zaka katika kompyuta sasa ina nambari na kiasi tu. Majina yako katika daftari la karatasi, ndani ya sanduku lenye funguo mbili, na sababu haziandikwi popote. Kisichokuwemo hakiwezi kuibwa.

Tungependa pia kuwakumbusha viongozi wenzetu kwamba hili ni jambo la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili na kuzilinda, na taarifa za watoto ni miongoni mwa zile zilizohesabiwa kuwa nyeti. Daftari la madrasa yako, likiwa ndani ya kompyuta, haliko nje ya sheria hiyo.

Na wewe mama au baba unayesema nyumbani kwako hakuna seva, itazame simu iliyo mkononi mwako. Mei 2019, WhatsApp walitangaza tundu la furiko la aina hii hii katika sehemu ya kupokea miito. Mshambuliaji alipiga simu tu, na hata kama hukupokea, aliweza kupandikiza programu ya upelelezi. Watu wapatao 1,400 walilengwa, na watumiaji wote, bilioni 1.5 wakati huo, wakahimizwa kusasisha. Dawa ilikuwa ni kubonyeza mara moja tu. Kwa hiyo simu inapokuomba kusasisha, nawe ukazoea kujibu "baadaye" kwa sababu ya bando, tenga siku moja ya wiki kwa kazi hiyo, na mwagize mmoja wa vijana wa nyumbani asasishe simu za wote, hasa za babu na bibi ambao hawatasasisha wenyewe.

Mama yule bado anakuja ofisini kila inapofika zamu yake. Hubisha hodi, hukaa, akaeleza hali yake kwa dakika chache, akaondoka. Sisi husikiliza, na kalamu zetu huwa mezani.

Tunamuomba Allah atusamehe siku zile 12, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozirejesha amana kwa wenyewe zikiwa salama.

Wabillahi tawfiq.